Namba ya Moliehi

Watu wa siku hizi hawaamini wakiambiwa kwamba kulikuwa na miaka watu walisali wafeli mtihani. Malineo anaamini, maana aliyeusahihisha mtihani huo ni yeye.

Ilikuwa hivi. Katika hospitali yao ya wilaya, huko milimani Lesotho, dawa za virusi vya UKIMWI alipewa mtu ambaye askari wa damu yake, zile chembe zinazopigana na magonjwa, wamepungua chini ya mia mbili. Ukikutwa na mia mbili na ushei unapewa hongera, unaambiwa nenda nyumbani, rudi baada ya miezi sita. Wengi hawakurudi, na si kwa uvivu. Basi kwenye benchi la nje ya maabara wanawake waliojifunga mablanketi waliulizana kama watoto wa shule.

"Wewe umepata ngapi?"

"Mia na arobaini."

"Una bahati, dada! Mimi mia tatu na kumi. Nimenoa."

Wakacheka. Malineo alikisikia kicheko hicho kupitia dirishani, na mpaka leo, karibu miaka ishirini imepita, anakikumbuka vizuri kuliko hotuba za harusi yake mwenyewe.

Alikuwa na diploma ya maabara, watoto watatu, na mashine moja ya kuhesabia iliyojaza meza nzima. Aliyemuuliza inafanya nini alimjibu kwa ufupi. "Chembe nyeupe za damu zinafanana. Kwa darubini huwezi kusema huyu ni nani na yule ni nani. Lakini kila moja imevaa protini zake kwa nje, kama watu walivyovaa mablanketi. Mtu akiwa ng'ambo ya bonde uso wake huuoni, unaona blanketi, unasema, aa, kumbe ni fulani. Mashine nayo inaangalia mavazi."

Dawa ya rangi aliyoitia kwenye damu ilishika protini moja tu, ile wanayovaa askari. Mwanga ukiipiga chembe iliyoshikwa, chembe inang'aa, na nukta inatokea kwenye skrini. Nukta za askari zinakusanyika upande mmoja kama wingu, za wengine upande wa pili, katikati panabaki uwazi. Malineo anachora mstari kwenye uwazi, mashine inahesabu, anaandika namba, anaita mwingine.

Damu ya zahanati za juu ililetwa kila Jumanne na Ntate Rantsane, yaani Baba Rantsane, mzee wa miaka sitini, juu ya farasi. Jumanne moja ya Julai, mwaka 2006, aliingia maabara na theluji kwenye kofia, akatua sanduku mezani, akatoa na karatasi iliyokunjwa.

"Kuna barua. Imeandikwa Keneuoe. Nimezunguka hospitali nzima kuuliza Keneuoe ni nani, mpishi akaniambia nikuulize wewe unayejua kila kitu."

Malineo aliinyakua. Tangu alipomzaa Lineo dunia nzima ilimwita Malineo, mama wa Lineo. Waliobaki na jina lake la usichana, Keneuoe, walikuwa wawili: mama yake, na Moliehi, aliyekaa naye dawati moja miaka saba na kuolewa Ha Lepheana, nyuma ya milima.

Barua ilikuwa fupi. *Keneuoe. Nimeambiwa mwenye mashine ni wewe. Nimekwisha, ukiniona hutanijua. Baba watoto tulimzika mwaka juzi. Damu yangu imo humo. Nifelishe, tafadhali. Mwenzako, Moliehi.*

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Kisha akafungua sanduku, na mkono wake ukagusa barafu.

"Ntate Rantsane, hii nini?"

"Barafu. Nesi mpya huyo, Mpolokeng. Kapakia vizuri kweli, chini barafu, juu barafu."

"Barafu? Mwezi wa saba, kwenye theluji yote hii?"

"Kasema ndivyo walivyofundishwa. Mimi nibishane na msomi?"

Malineo alishika kiuno. Sanduku lilikuwa la chanjo, na nchi nzima inajua kwamba kinachoingia kwenye sanduku hilo hukaa baridi. Nesi wa zamani alikuwa akiiviringisha mirija kwenye soksi ya sufu na kulifanya sanduku kama chombo cha kubebea tu. Damu ya kuhesabu askari haitaki barafu wala moto, inataka joto la chumba anachokaa mtu. Ikipoa sana mavazi yanalegea, rangi haishiki sawasawa.

Aliupima mrija wa Moliehi hivyo hivyo. Hakukuwa na mawingu mawili. Palikuwa na ukungu mmoja umetanda skrini nzima. Akauchora mstari upande huu: mia moja themanini na saba. Akausogeza kidogo upande ule: mia mbili arobaini na sita.

Mkono ulibaki juu ya kipanya cha kompyuta. Mstari ni wake. Nani angejua? Ni kuurudisha pale ulipokuwa mwanzo, kuandika mia moja themanini na saba, na Moliehi anaanza dawa. Lakini kwenye sanduku mlikuwa na mirija kumi mingine, ya watu kumi ambao hawakukaa naye dawati moja wala hawakujua pa kupeleka barua. Hao awachoree wapi? Akiwaonea huruma wote, ana haja gani na mashine? Akimwonea mmoja tu, ana haja gani na diploma?

Aliandika "imekataliwa, itolewe upya" mara kumi na moja. Ya mwisho aliiandika akilia, na alikuwa si mtu wa kulia.

"Ntate, sisubiri Jumanne ijayo. Unapanda lini?"

"Kesho alfajiri. Kwani unatuma nini?"

"Natuma mimi."

Mzee alimtazama kuanzia kichwani hadi kiunoni. "Basi itabidi niazime farasi jike wa shemeji. Yule wangu ana umri wangu, tusimwonee."

Walifika Ha Lepheana kesho yake mchana. Malineo aliingia zahanati kabla ya kukaa.

"Nani kakwambia uweke barafu?"

Nesi Mpolokeng alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Alisimama. "Sanduku ni la chanjo, 'Me," alisema, kama anayemwita mama yake.

"Sanduku la chanjo, damu si chanjo! Lete soksi. Soksi yoyote safi. Halafu waite watu wako wote kumi na mmoja."

Moliehi alikuja wa mwisho. Malineo alimtambua kwa sauti tu, vingine vyote vilikuwa vimepungua. Moliehi alinyoosha mkono utolewe damu huku akitazama ukutani.

"Nilikuomba kitu kimoja, Keneuoe."

"Uliniomba uongo."

"Niliomba uhai! Uongo umeuita wewe."

Malineo alichomoa sindano, akabana pamba. Alipomaliza alimfuata nyumbani bila kukaribishwa, na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata ukimchukia, Moliehi alipika papa, ugali wa kwao, na moroho, mboga za majani, akamtengea. Yeye mwenyewe alikaa pembeni akilifinyanga donge moja mkononi, analigeuza, analigeuza.

"Huli?"

"Nimeshakula."

"Umekula nini? Fungua mdomo."

"Mimi ni mwanao?"

"Moliehi, nimekaa juu ya farasi kwa muda wa saa saba, sina hata pa kukalia. Fungua mdomo!"

Alifungua. Ulimi ulikuwa mweupe kama uliopakwa maziwa ya mgando, na weupe uliteremka hadi kooni, ukapotelea huko.

"Ukimeza?"

"Kama nameza miiba. Mpaka hapa." Akajigusa kifuani.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Sasa nakunywa uji wa motoho tu, na wenyewe kidogo."

"Umemwambia nesi?"

"Hajauliza. Wanataka damu, nawapa damu."

Kesho yake walishuka watatu. Moliehi alikaa nyuma ya Ntate Rantsane, amemshika kiunoni, mwepesi hata farasi mzee hakumhisi. Mirija kumi na moja ilikuwa ndani ya soksi, na soksi ilikuwa kifuani mwa Malineo, chini ya mablanketi mawili. Walipofika alikwenda moja kwa moja kwenye mashine.

Safari hii mawingu yalikuwa mawili, na uwazi katikati ungepitisha mkokoteni. Hakukuwa na pa kusogeza mstari. Mia mbili na nne. Akarudia. Mia mbili na nne. Alitukana kwa sauti, akaiandika, akatia sahihi.

Kisha alimshika Moliehi mkono, akaingia naye kwa Daktari Kalombo bila kubisha hodi.

Daktari alisoma karatasi. "Mia mbili na nne. 'Me Malineo, pole sana. Haingii."

"Weka karatasi chini, mtazame koo."

"Tangu lini maabara inanifundisha..."

"Tangu leo. Mtazame koo, muulize anakula nini."

Daktari alichukua tochi. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza maswali matatu, akazima tochi. Alionekana amechoka ghafla.

"Mgonjwa ambaye utando mweupe umemshuka hadi njia ya chakula anaanza dawa hata akiwa na askari elfu," alisema. "Mwongozo unasema hivyo. Umesema hivyo siku zote."

"Basi andika."

Aliandika. Malineo alisimama pale mlangoni akihesabu kichwani watu wote wa lile benchi aliowapa mia mbili na ushei, akawaacha waende, bila kumwuliza hata mmoja kama anameza chakula. Kuanzia wiki ile aliuliza. Kila aliyemkabidhi namba alimwambia afungue mdomo, na watu wakamsema kwamba amekuwa daktari wa meno.

Siku hizi hakuna benchi. Mtu akikutwa na virusi asubuhi, mchana ana dawa mkononi, hakuna anayeulizana umepata ngapi. Ni vizuri, na Malineo ni wa kwanza kusema ni vizuri. Ila jioni nyingine, akichambua maharagwe uani na Moliehi, ambaye sasa amenenepa na ana wajukuu wanne, humjia hamu ya kuyataja mambo yale kwa mtu aliyekuwepo.

"Unakumbuka ulikuwa na ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Askari, mwanamke wewe!"

"Nikumbuke ya nini? Ninachokumbuka ni ulivyoshuka kwenye farasi jike wa watu, unatembea kama umejifungua mapacha."

"Mia mbili na nne," Malineo alisema, lakini mwenzake alikuwa ameshageuka, anamwita mjukuu wake wa kike aache vyombo, aje asikie jinsi bibi Keneuoe alivyopanda mlima.