Seli Kumi na Moja za Kiume

Ukoo mzima unaamini natengeneza kompyuta. Mjomba alishaniletea printa iliyokwama karatasi, na nilipomwambia kazi yangu ni kusoma seli za watu akaniuliza, "Sasa hizo seli haziwezi kusubiri kidogo?" Nikaitoa karatasi. Mwaka wa tisa huu, nimechoka kujieleza.

Ila wewe nitakueleza, la sivyo hutaelewa nilivyomkosea mtu. Kipande cha nyama ya moyo, kidogo kama punje ya mchele, kina maelfu ya seli. Zamani walikisaga chote wakasoma wastani. Sisi tunazitenganisha, kisha tunasoma kila seli peke yake: jeni zipi imewasha, zipi imezima. Haki ya Mungu, siku ya kwanza kuziona kwenye kioo cha kompyuta zimejikusanya, za misuli huku, za mishipa ya damu kule, nililia mbele ya wanafunzi wenzangu na wala sikuona haya.

Anayezitenganisha ni fundi wa maabara tunayemwita Barafu, maana sampuli zake hukaa kwenye barafu mchana kutwa, na yeye mwenyewe hacheki ovyo. Mimi nazipata zikiwa zimeshageuka namba, nazichambua kwa programu niliyoiandika mwenyewe. Ndani yake kuna sheria moja: sampuli ikiwa ya mwanamke, seli yoyote yenye alama za kromosomu Y, ile ya wanaume, ni uchafu kutoka kichupa kingine. Itupwe, ihesabiwe. Zikizidi kumi, ripoti inakwenda kwa mkuu wa maabara kwamba sampuli imechanganywa.

Jumatatu moja, sampuli ya mama aliyepasuliwa moyo ikatoa seli kumi na moja. Barafu alishapewa maonyo mawili mwaka huo kwa kosa hilohilo. La tatu ni kufukuzwa, na ana watoto wanne.

Sikungoja. Mimi hasira zangu ziko karibu. "Kaka Barafu, umenichanganyia tena! Mara ya tatu! Hivi vichupa unavisoma au unabahatisha tu?"

Barafu akafunga ndoo yake ya sampuli taratibu.

"Siku ile sikugusa sampuli ya mwanamume hata moja. Angalia daftari."

"Daftari unaandika wewe."

"Na programu anaandika nani?"

Nikaondoka nikisonya. Mkuu akasema barua ya kumfukuza ataisaini Ijumaa.

Nilirudi kwenye kompyuta, tena si kumtetea. Nilitaka kumkomesha. Kama seli zile zimetoka kwa mwanamume fulani, vinasaba vyake vitakuwa kwenye sampuli nyingine tulizonazo. Nilizichukua zile kumi na moja nilizotupa, nikazilinganisha na wanaume wote tuliowahi kuwapokea mwaka ule, arobaini na wawili. Hakuna. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Hakuna.

Basi nikazilinganisha na yule mama mwenyewe. Kila mahali paliposomeka, nusu ilikuwa yake. Nusu kamili, si zaidi. Na nusu namna hiyo ni ya mzazi na mwanawe.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliwahi kusoma jambo hili chuoni, aya moja tu, nikafaulu mtihani nikalisahau: mimba ikiwepo, seli za mtoto huvuka zikaingia kwenye damu ya mama, na nyingine haziondoki tena. Tatu kati ya zile kumi na moja zilikuwa seli za misuli ya moyo. Zilikuwa zikidunda pamoja naye!

Nikafungua sampuli zilizompa Barafu yale maonyo mawili. Ni vilevile, nusu ya mama. Nikafungua takataka za miaka tisa. Nyingine zilikuwa uchafu kweli, lakini kwa wanawake wengi nilikuta mbili hapa, tano pale, hazikufika kumi kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Nimewatupa watoto wa watu kwa mstari mmoja wa programu, halafu nikamfokea mwenzangu. Nyani haoni kundule.

Nilimkimbilia mkuu. Alisoma, akafungua faili la mgonjwa, akanigeuzia. Watoto: hakuna.

"Hajazaa huyu," akasema. "Hesabu zako nzuri, lakini mtoto yuko wapi? Niletee jibu kabla ya Ijumaa."

Alhamisi mama huyo alikuwa na miadi ya kuangaliwa kidonda. Nikamsihi daktari wa moyo amuulize kama angependa kujua tulichokiona kwenye sampuli yake, na kama watu wa maabara wanaweza kuwepo. Mama akakubali. Nikamvuta na Barafu, ambaye hakuwa amenisemesha tangu Jumatatu.

Alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu, mkoba mapajani, ameketi wima.

"Mama," daktari akamuuliza, "uliwahi kushika mimba?"

"Mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ilitoka ikiwa na miezi sita, wakamwondoa sijamwona. Nikauliza, ni wa kiume au wa kike? Nesi akaniambia kujua hakutanisaidia, nitazaa mwingine. Sikuzaa. Kwenye fomu naandika hakuna. Ningeandika nini?"

Daktari alinitazama. Nikasogea karibu.

"Alikuwa wa kiume, mama."

"Nani kakwambia?"

"Seli zake zimo moyoni mwako mpaka leo. Tumezisoma."

Hakulia. Alishtuka, akakishika kiti kwa mikono miwili. "Na kile kipande mlichokata? Mmemtoa?"

"Hapana, mama!" Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele yake bila kujijua. "Tulichukua punje tu. Moyo wote uliobaki ni wenu wawili."

Daktari akampigia mkuu simu palepale. Barua haitasainiwa, na yale maonyo mawili yanafutwa. Nikamgeukia Barafu nikamwomba msamaha mbele yao, na kwa kuwa nilimfokea kwa sauti, nikaomba kwa sauti. Akaitikia kwa kichwa tu, macho hayako kwangu.

"Nani alizishika hizo seli?" mama akauliza.

"Mimi, mama," Barafu akasema.

"Njoo."

Akasogea. Mama akaichukua mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mimi hawakunipa nimshike," akasema. "Wewe umemshika. Alikuwaje, mwanangu?"

Mtu yule hajui maneno matamu, anajua kazi yake.

"Kabla ya kuzipeleka huwa naziangalia kwa hadubini, kama ni hai au zimekufa," Barafu akasema. "Zilikuwa hai, mama. Nilihesabu mara mbili. Karibu zote zilikuwa hai."