Kaburi la Tisa

Mke mwenzangu alikuwa na umri wa miaka mia mbili na pengo mbele, na bado alinishinda.

Bahari ilikuwa inakula ukingo wa kile kisiwa kisichokaliwa na mtu, ambako zamani manowari zilizika mabaharia wao waliokufa kwa homa. Kazi yetu ilikuwa kuwafukua kabla maji hayajawachukua, kuwachunguza, kisha kuwazika upya juu, mbali na mawimbi. Mume wangu alichimba. Mimi nilikaa chini ya turubai nikisafisha mifupa kwa mswaki na kujaza fomu: umri, urefu, jinsia.

Wanane wa kwanza aliwatua mezani bila neno. Wa tisa alimbeba kama yai.

"Mke wangu, njoo uone! Bibie huyu alivaa suruali, akaidanganya meli nzima. Ana moyo huyu!"

Tangu hapo ikawa Bibie hivi, Bibie vile. Bibie alikuwa na mikono ya kazi. Bibie asinyeshewe. Akavua koti lake, koti nililomnunulia mimi, akamfunika, huku mimi nikitetemeka pembeni. Miaka kumi na minne ya ndoa, sijawahi kufunikwa. Nilimwonea wivu, tena wivu wa aibu, wa kugombea mume na fuvu.

Nyonga ilikuwa pana, ya kike, hata mwanafunzi asingekosea. Kwenye fomu, palipoandikwa ME/KE, nikazungushia ME.

Mume wangu aliisoma akiwa amesimama. Nilishanoa ulimi.

"Una hakika?"

"Hapa nani anajua mifupa?"

"Wewe," akasema. "Na hujawahi kunidanganya."

Akachukua koti lake, akalivaa.

Kesho yake tulimzika pamoja na wenzake. Kibao chake kiliandikwa: Baharia, mwanamume. Nikangoja nifurahi. Mume wangu alichuchumaa ukingoni mwa shimo.

"Haya, kaka, pumzika."

Kaka. Bila shaka ndivyo walivyomwita melini, naye akaitika hadi anakufa, kwa kuogopa kufukuzwa. Fomu ilikuwa mkononi mwangu na kalamu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Udongo ukaanza kuingia.

"Mbona unatetemeka?" mume wangu akauliza.

"Baridi."

Akaniamini tena. Akavua koti, akanifunika.