Mama wa Kalenga

Eugénie alikuwa ameshaandika kurasa arobaini za riwaya yake kabla ya kwenda Kakontwe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Likasi, na jioni, meza ikishafutwa, aliandika habari za nkambo wake, Zéphirin Kalenga, baba ya baba yake, aliyeingia mgodi wa Kambove akingali kijana, mwaka ule homa kubwa ilipoua watu wengi. Nkambo alishafariki. Ilibaki picha yake moja, na mwanawe Firmin, baba yake Eugénie, fundi wa karakana ya Panda, mtu asiyependa kuulizwa mambo ya zamani.

Mwaka ule wa 1972 serikali iliamuru watu waache majina ya ubatizo, wachukue ya mababu. Firmin hakuona taabu.

"Kalenga inatosha," alisema. "Nitaandikisha siku ya Ijumaa."

Jumanne Eugénie alipanda lori la chokaa hadi Kakontwe kumwona mzee Damas, aliyewahi kulala kambi moja na nkambo. Alitaka vitu vidogo tu: walikula nini, walilalia nini, filimbi ya asubuhi ilipigwa saa ngapi. Mzee alijibu yote, hata akacheka. Ndipo Eugénie akamwonyesha picha.

Mzee aliisogeza karibu na jicho lake zima.

"Huyu haiko Kalenga," alisema.

"Ni yeye, papa. Ni nkambo yangu."

"Nkambo yako, ndiyo. Lakini Kalenga, minye nilimuzika. Homa ilimulaza siku tatu tu. Tukamuchimbia shimo nyuma ya kambi."

Akaeleza. Zéphirin alikuwa ametoroka kwa tajiri mmoja aliyeandikisha vibarua, na bila karatasi angefungwa. Wenzake wakampa kibati cha namba cha marehemu. Msimamizi alipoita Kalenga, Zéphirin akaitika. Akaendelea kuitika hivyo mpaka alipokufa.

Kalamu ya Eugénie ilikuwa imesimama katikati ya neno.

"Na watu wa marehemu hawakumtafuta?"

"Mama yake alikuja. Alitoka Bukama kwa miguu, miaka sita ilikuwa imepita. Akauliza nyumba ya Kalenga, watu wakamuonyesha."

"Akamkuta nani?"

"Akamukuta nkambo yako, na muke yake, na papa yako akiwa mutoto. Minye nilikuwa pale. Alimuangalia sana. Halafu akauliza tu: 'Mwana yangu mulimuweka wapi?' Nkambo yako akamupeleka kwenye kaburi. Walikaa kule mpaka jua likashuka. Waliporudi, ule mama akaingia ndani, akaomba maji. Hakuenda tena kwao."

"Aliitwa nani?" aliuliza Eugénie.

"Kabange."

Kila siku ya wafu, tangu utotoni, Eugénie alipeleka maua kwenye kaburi la Kabange, mama mzazi wa nkambo wake. Ndivyo walivyomfundisha. Katika kurasa zake, Kabange alimzaa Zéphirin mvua ikinyesha, kando ya Lualaba, na ile ndiyo sura aliyoipenda kuliko zote. Alikunja karatasi zake, akamuaga mzee Damas.

Nyumbani alimkuta baba yake akivua viatu vya kazi. Akamwambia yote palepale, bila kuzunguka. Firmin alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Nkambo Kabange hakumuitaga papa kwa jina," alisema. "Watu wote walisema Kalenga. Yeye alisema 'weye'. Nilifikiri ni heshima." "Na jina ya kweli ya papa, ile ya kwao?"

"Damas anasema hakumuambia mutu."

"Ule mama alinibeba kwa mugongo, Eugénie. Alinilisha. Sasa minye ni nani kwake?"

Ijumaa walikwenda wote wawili ofisini. Karani aliuliza jina la babu.

"Andika Kalenga Kabange," alisema Firmin.

"Kabange ni nani kwako?"

"Mama ya papa yangu."

Karani akaandika, akagonga muhuri.

Zile kurasa arobaini Eugénie alizitia motoni. Miezi mingi hakugusa kalamu, kwa maana kila alichodhani anakijua kuhusu watu wake kilimtia hofu. Alipoanza upya, alianza na mwanamke aliyechoka kwa safari, akibisha mlango wa nyumba ya Kambove. Akampa baba yake asome.

Firmin alisoma akifuata mistari kwa kidole, kisha akarudi kwenye ukurasa wa kwanza.

"Hapa umekosea," alisema. "Nkambo Kabange hakubishaga mulango. Alisimamaga inje, akakohoa, mpaka mutu amufungulie."

Eugénie akachukua kalamu, akasahihisha.