Gurudumu la Bibi Harusi

Asubuhi ya harusi yake Imas alikuwa akipakwa poda usoni, lakini masikio yake yalikuwa barabarani. Mpambaji alimsihi atulie. Shingo ilitulia, moyo ulikataa kata kata. Alikuwa akisikiliza baiskeli inayoshuka kilimani, na baiskeli hiyo, ikiwa imefungwa sawasawa, haitoi sauti hata kidogo. Sasa wewe niambie, mtu anasikilizaje kitu cha namna hiyo? Lakini ndivyo alivyokuwa, na kwa furaha aliiacha chai yake ipoe.

Wa kulaumiwa ni baba yake, Abah Juhana. Ujanani alishindana kwenye uwanja wa mbio za baiskeli pale mjini Bandung, na alipoacha aliitundika baiskeli yake katika banda la bata. Bata, ambao hawajui historia ya mtu, wakaigeuza choo. Watoto wake wa kiume walinunua pikipiki. Kinyongo kilimkaa mzee.

Yayat alipokuja kuposa, Abah hakumuuliza kazi wala ukoo. Alimshika mkono akampeleka bandani.

"Hiyo ni nini?"

"Baiskeli ya mbio, Abah," Yayat alisema, na sauti yake ikapanda. "Ya gia moja! Hebu ona viungo vya fremu vilivyochongwa. Jamani, Abah, mbona umeificha?"

"Ifufue. Siku ya harusi uje ukiwa umeipanda, mguu usiguse ardhi mpaka langoni kwangu. Usiitoboe fremu kutia breki. Na nikiona mkwaruzo mpya, wageni watakula wali wao waende zao, na wewe utarudi kwenu kapera."

Ambu, mama yake Imas, alicheka. Abah hakucheka. Walii wa binti ni yeye, na bila yeye hakuna ndoa.

Mwingine angetafuta mchumba penginepo. Yayat alirudi nyumbani akipiga mluzi, fremu begani, mavi ya bata yakimchafua shati. Yeye na Imas ni watu wa aina ile ambao ukiwaonyesha gari jipya wanapiga miayo, ukiwaonyesha chuma chenye kutu wanasahau kula. Walikutana karakanani kwa Imas wakigombania spoki, na ugomvi huo haujaisha hadi leo. Ukipenda boga, penda na ua lake, na ua la boga hili lilikuwa ni lile chuma la Abah.

Wakalisugua kwa msasa na mafuta ya taa. Chini ya uchafu ikajitokeza rangi ya kijani ya jani changa la mgomba, na Imas akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Wakaenda kwa mpaka rangi mara nyingi hadi yule bwana akaanza kujificha akiwaona. Cheni, usukani, kiti, vyote vikapata uhai. Likabaki gurudumu la nyuma, na katika kundi lao lote la waendesha baiskeli za gia moja, hakuna aliyejua kusuka spoki kumshinda Imas.

Lakini wakati huo Imas alikuwa amekwisha kufungiwa ndani, kama ada ya bibi harusi: asitoke, wala asimwone mchumba wake mpaka ndoa ipite. Basi Engkus, rafiki yao, akamletea habu, kile kitovu cha gurudumu, na rimu kupitia mlango wa jikoni, amevifunika kwa majani ya migomba ya kufungia wali. Imas alisuka gurudumu juu ya kitanda, akizigusa spoki moja moja na kuzisikiliza kama mtu anayetengeneza gitaa. Upande mmoja wa habu akafunga gia kavu, ile isiyojua kupumzika: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na ukitaka kusimama unakaza miguu kuzipinga. Ndiyo breki yenyewe, na haitoi sauti.

Kisha akaukumbuka mteremko. Kutoka msikiti mdogo wa juu mpaka langoni kwao, njia imeinama vibaya. Akamhurumia mtu wake. Upande wa pili wa habu akafunga friwili ya kawaida, ile inayolia tik-tik na kumwacha mtu apumzishe miguu.

"Ukiligeuza gurudumu, upande huu ni wa kurudia nyumbani baada ya harusi," alimwambia Engkus. "Kwenye mteremko, gia kavu. Umenielewa?"

"Neng, dada yangu, mimi si mtoto," Engkus alisema.

Sasa, asubuhi hiyo ya harusi, ngoma zikaanza juu msikitini. Bwana harusi amekwisha kuvishwa, anakuja. Mpambaji aliinua kijiti cha wanja, na Imas akasikia.

Tik-tik-tik-tik.

Hiyo ilikuwa friwili! Gurudumu limegeuzwa, na Yayat yuko mteremkoni hana breki, miguu yake inapinga hewa. Mtu aliyezoea gia kavu hana wazo lingine la kusimama. Miguu yake ndiyo imani yake.

Ada ikaishia hapo. Imas alitoka mbio, taji limekaa upande, wanja jicho moja, akawapita shangazi zake na sinia za keki.

"Kiatu!" alipiga kelele. "Yayat! Kandamiza kiatu kwenye tairi!"

Yayat alikuja kama jiwe lililotupwa, macho yamemtoka, vazi la batiki linapepea, na pedali zikizunguka kinyumenyume bila faida. Alimsikia. Akainua mguu akakandamiza tairi kwa kandambili yake ya harusi. Tairi likaipokonya, ikaruka ikatua katikati ya sinia la dodoli, ile halua ya kunata. Mwendo ulipungua, lakini haukutosha. Alipita lango, akapita tao la maua, akampita Abah aliyekuwa amesimama na shada mkononi, akazama katika bwawa la samaki.

Maji yalitulia. Kwanza likatokea gurudumu, kisha fremu ya kijani, kisha mikono miwili iliyoiinua baiskeli juu. Kichwa cha bwana harusi kilikuja mwisho, na jani la yungiyungi juu yake.

"Haijakwaruzika, Abah!" alisema, akitema maji.

Abah aliingia bwawani na nguo zake za hariri. Alimpita Yayat, akaichukua baiskeli, akaikagua bomba kwa bomba. Wageni walisogea ukingoni. Kisha akazungusha gurudumu. Tik-tik-tik.

"Nani ameweka hii takataka?"

"Mimi, Abah," Imas alisema. Machozi yalikuwa yanauchukua wanja. "Niliuogopa mteremko kwa ajili yake."

Engkus alifika akihema. "Na mimi ndiye niliyeligeuza pale msikitini, Abah. Niliona lile vazi refu, nikasema gia kavu italila. Nilitaka kumwambia Yayat, ngoma zikaanza, nikasahau."

"Huruma mbili," Abah alisema, "na bwana harusi kaenda kwa samaki."

"Lakini hajagusa ardhi, Abah! Kagusa maji tu!"

"Engkus, nyamaza."

"Juhana, kadhi anasubiri!" Ambu alilia.

"Na angoje. Nilisema aje mpaka langoni, na yeye langoni amepita tu." Abah akachomoa spana kiunoni, mahali ambapo wazee wenzake walikuwa wamechomeka majambia ya heshima. Akafungua nati mbili, akaligeuza gurudumu, akakaza. "Rudi juu," alimwambia Yayat.

"Narudi, Abah," Yayat alisema, na yule mwendawazimu alikuwa anatabasamu.

Imas akampandisha vazi na kulifunga magotini, kama wafanyavyo wapanda mpunga.

"Tumeonana kabla ya ndoa," Yayat alimnong'oneza. "Ni nuksi."

"Nuksi imeshaoga. Nenda!"

Akapanda kilima akiisukuma baiskeli, mguu mmoja peku. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Imas alisimama langoni karibu na baba yake aliyekuwa akichuruzika maji, akafumba macho. Alisikia bata, akasikia chungu kinachemka jikoni. Mzee akamshika mkono, akaubana kwa nguvu.

"Unamsikia?"

"Simsikii, Abah."

"Basi anakuja," Abah alisema, na akaenda kulifungua lango lote.