Mtungi Uliowekwa Nyuma ya Mlango

Wifi yangu alikuwa ameshafunga begi. Jamani, liko pale mlangoni, zipu imevutwa mpaka mwisho, na yote hiyo kisa gesi!

Ngoja nianze vizuri. Shangazi yangu anauza kuku wa kuchoma. Zamani mtungi mmoja wa kilo kumi na tano ulimfikisha siku kumi na mbili. Binamu yangu, mwanawe, akaoa, shangazi akanunua jiko kubwa zaidi kwa ajili ya harusi, na tangu hapo mtungi ni siku nane, moto unanywea. Basi lawama zote kwa bibi harusi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shangazi akawa anasema, tena kwa sauti, wifi akiwa palepale anaosha sahani. Akaufunga mtungi kwa mnyororo na kufuli kama mbwa mkali. Akawa anaingia jikoni ghafla, ananusa. Wapi! Siku nane zikabaki nane.

"Leo arudi kwao," akatangaza. "Mkwe gani anakunywa gesi?"

"Shangazi, labda muuzaji anakupunja."

Hapo akasita. Kushuku mtu mmoja zaidi hakumgharimu kitu. Muuzaji tunamwita Bwana Unyoya, kwa sababu mtungi anaunyanyua kwa mkono mmoja. Mitungi anaijaza mwenyewe nyuma ya duka, ila kwa mteja ni kubadilisha tu: unampa mtupu, anakupa uliojaa.

Tukaenda, tukabadilisha, tukarudi na mpya. Nikatoa mizani yangu ya bafuni. Kila mtungi umegongwa namba shingoni, uzito wake ukiwa mtupu. Huu ulikuwa kumi na nne. Nikapanda mizani nimeukumbatia, kisha nikapanda mwenyewe, nikatoa. (Mimi ni hamsini na nane, isitoke hapa.) Ishirini na tisa! Kilo kumi na tano za gesi, kamili.

"Umeona?" shangazi akasema. "Mwizi yuko humu ndani."

Wifi akashika begi. Hakulia hata. Akasema tu, "Asante kwa yote, mama."

Mimi kichwani kuna kitu kinanigonga. Mitungi ya wateja wengine Bwana Unyoya alikuwa anaitupa kwenye rundo, inalia ngwaa, ngwaa. Debe tupu si ndiyo kazi yake? Wa kwetu aliunyanyua, akatulia kidogo, akauweka nyuma ya mlango. Taratibu. Haukulia.

"Wifi, usitoke!" Nikakwapua mizani, nikamvuta shangazi mkono hadi dukani.

"Kaka, naomba ule mtungi wetu."

"Upi huo?"

"Uliolazwa kama mgonjwa."

Akacheka, lakini macho yalikuwa mlangoni. Nikaingia, nikaukumbatia, nikapanda: sabini na saba. Toa mimi, kumi na tisa. Shingoni, kumi na nne.

"Shangazi, umemrudishia kilo tano za gesi."

Bwana Unyoya akajikuna shingo. "Mama, jiko lako kubwa linavuta sana. Mtungi unapata baridi, unatoa jasho, moto unanywea. Ukipumzika, moto unarudi. Wewe unadhani umeisha."

"Na wewe ulijua?"

"Hukuniuliza, mama."

"Mkono wako umenyanyua kilo tano zangu mara ngapi?"

Akaangalia dari. Shangazi akamsogelea mpaka akarudi nyuma. "Mtungi huu nauchukua, namaliza gesi yangu. Ukiisha kweli nakurudishia mtupu. Na kuanzia leo sibadilishi. Utanijazia, juu ya mizani, mbele ya macho yangu, nalipia ulichoingiza."

"Hewala, mama."

Nyumbani, wifi alikuwa amekaa juu ya begi. Shangazi akasimama mbele yake. Akamnyooshea ufunguo wa kufuli.

Wifi akautazama weee. "Mama, na mimi nipimwe kabla ya kuingia jikoni?"

Shangazi akaangua kicheko hadi akashika ukuta. "Nisamehe, mwanangu. Haya, fungua begi."

Zipu ikafunguka.

Nikadhani yameisha. Asubuhi naenda kujipima, sioni mizani. Iko jikoni, imefungwa kwa ule mnyororo.

"Shangazi, mizani yangu!"

"Bwana Unyoya anajua njia ya kuja hapa, na mizani hii haipendi," akajibu, huku ananusa mlangoni.