Kibao cha Choo

Shuleni kwetu, msichana akibanwa na haja wakati wa kipindi, lazima anyooshe mkono mbele ya darasa zima na kusema, "Naomba kibao." Kibao chenyewe ni kipande cha mbao kipana kama sinia, kimepakwa rangi nyekundu na kuandikwa CHOO kwa herufi nyeupe. Kina kamba ya kuvaa shingoni, na kwenye kamba hiyo umefungwa ufunguo wa vyoo vya wasichana. Kiko kimoja tu, shule nzima, na hutunzwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Ukishakivaa unakatiza uwanja mbele ya madarasa ya wavulana, nao wanakupigia makofi mpaka uingie.

Sababu? Eti zamani kuna msichana alichorachora ukuta wa choo. Hakujulikana ni nani, basi tukafungiwa sote, hata sisi ambao wakati huo tulikuwa hatujui kushika kalamu. Vyoo vya wavulana viko wazi kutwa, na michoro iliyoko kwenye kuta zake siwezi kuieleza mbele ya mama yangu.

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kifaranga, alianza kidato cha kwanza mwaka huu. Alikivaa kibao mara moja tu. Tangu siku hiyo akaacha kunywa maji. Chai ya asubuhi aliimwaga nyuma ya nyumba, na chupa ya maji ya kwenda nayo shule ilirudi jioni imejaa vile vile. Darasani kichwa kilimgonga, akawa anasinzia, na mwalimu wa hesabu akawa anamsimamisha ukutani kwa uvivu. Uvivu! Mtoto amekauka koo, anaambiwa mvivu.

Jumapili moja hakuweza kuinuka kitandani. Alikuwa na homa, na kila alipokwenda haja ndogo alilia. Kule zahanati daktari alisema ni maambukizi ya njia ya mkojo, na yameanza kupanda kwenye figo.

"Mama, huyu mtoto anywe maji," alisema. "Akiendelea hivi, figo zitaharibika."

Alimtazama mama kana kwamba ndiye anayemnyima. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za nusu ya wanafunzi wa shule yetu, na siku ile tulipofika nyumbani alimjazia Kifaranga kikombe cha maji, akamsimamia mpaka akamaliza.

Usidhani hatuna pa kusemea. Tuna sanduku la maoni. Limewekwa ndani ya ofisi ya mwalimu wa nidhamu, tunayemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, na kabla hujatumbukiza chochote anakuuliza umeandika nini. Tuna pia baraza la wanafunzi, na mimi ni mwakilishi wa darasa langu. Basi kikao kilipofika nikasimama.

"Mwalimu, tunaomba kufuli la choo liondolewe. Watu wanaumwa."

"Hilo halimo kwenye ajenda," alisema Kengele. "Leo tunachagua rangi ya ukuta wa maktaba."

"Mdogo wangu ametoka zahanati, mwalimu."

"Mpe pole. Haya, bluu au kijani?"

Tukapiga kura. Bluu ikashinda.

Sasa sikia vituko. Wiki iliyofuata wageni wa idara ya elimu walikuwa wanakuja kujionea jinsi shule yetu inavyowasikiliza wanafunzi, na aliyechaguliwa kusoma risala ni mimi, kwa kuwa nina sauti nzuri. Risala aliiandika Kengele mwenyewe. Ilianza, "Sisi wanafunzi tunasikilizwa."

Siku hiyo asubuhi niliwapitia wasichana bombani, darasa kwa darasa. Niliwaambia kila mmoja anywe maji mpaka ashibe. Kifaranga alinivuta pembeni.

"Dada, mimi sikivai tena kile kitu."

"Hukivai. Wewe kunywa tu."

Alinitazama sana, kisha akainamisha kichwa bombani akanywa.

Hotuba za wakubwa zilikuwa ndefu, kama tulivyotegemea. Nilipoitwa, niliikunja ile risala.

"Kabla sijasoma," nilisema, "naomba kibao."

Kengele alinitolea macho. Nyuma yangu msichana mwingine akasimama: "Na mimi naomba kibao." Akasimama wa tatu, kisha safu nzima, kisha wasichana wote.

"Kibao ni nini?" aliuliza mgeni wa heshima, mama mmoja mwenye miwani.

Mwalimu mkuu alikohoa. Kengele akasema, "Ni utaratibu wetu mdogo tu."

Ndipo Kifaranga akatoka kwenye mstari. Hatukupanga hivyo. Aliingia ofisini kwa Kengele, akatoka amekivaa, kimemfunika kifua chote, akapita taratibu mbele ya meza ya wageni huku machozi yanamtoka. Mvulana mmoja alianza kupiga makofi. Aliyekaa naye akamshika mikono. Ukasikika ufunguo tu ukigongana na mbao.

Kufuli liliondolewa siku ile ile. Mstarini tulitangaziwa kwamba uongozi, kwa busara yake, umeona vyema kufanya hivyo. Walimu wakajipigia makofi. Mimi nilivuliwa uwakilishi kwa kukosa adabu mbele ya wageni, na mama akaitwa shuleni kuonywa. Alisikiliza maonyo yote, kisha akaomba apewe kile kibao. Sasa kiko chini ya mguu mmoja wa cherehani yake, uliokuwa unayumba.

Juzi nilipita kwenye dirisha la darasa la Kifaranga katikati ya kipindi. Chupa yake ilikuwa tupu juu ya dawati. Alinyoosha mkono, mwalimu akaitikia kwa kichwa, akatoka akakatiza uwanja mbele ya wavulana, shingoni hana kitu.