Beji Kumi na Moja za Kanyakine

Kila Jumanne Kawira hufungua robota la majaketi kwenye kibanda chake katika soko la Gakoromone, mjini Meru, na kabla hajapanga bei hupapasa kola. Majaketi mengi hutoka Ujerumani na Austria. Wazee wa huko wakifa, watoto wao hutoa nguo bila kubandua beji: za matembezi ya milimani, za maonyesho ya ng'ombe, za sikukuu za wazima moto. Wanunuzi hugombea kamera, zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza. Kawira hugombea beji. Anazo mia tatu na ushei, kwenye mikebe ya majani ya chai.

Umri wa beji huusoma mgongoni: pini, alama ya fundi, madini. Shaba ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Zinki, nyepesi na ya kijivu, ni ya miaka ya vita yenyewe, shaba ilipokwenda kutengenezea risasi. Alumini iliyopakwa rangi ni ya baadaye. Wakusanyaji kutoka Nairobi hutamani kila kitu kiwe cha zamani, hasa zile zenye swastika, nembo ya Wanazi, ambazo yeye huziweka kwenye mkebe wa peke yake. Beji ikiwa ya bandia, huwaambia ni ya bandia. Hajawahi kudanganya tarehe.

Mwezi wa nane mwaka jana, watu kumi na moja wa kijiji kimoja karibu na Kanyakine waliamka wakiwa na beji vifuani. Wa kwanza alikuwa Muthamia, kaka mkubwa wa Mbae, marehemu mume wa Kawira. Alipobadilisha shati, beji ilihamia shati jipya. Ilionyesha wanaume watatu wakitoa kitanda mlangoni, nyuma yao mistari ya michai, na kwenye ukingo maandishi: Kanyakine 9.8.2014. Hiyo ndiyo Jumamosi ambayo Muthamia na watu wake walimtoa Kawira, viatu mkononi, kwenye shamba la mumewe, Mbae akiwa na wiki sita kaburini. Wale wengine kumi ndio waliokuwepo: waliobeba, walioshika mlango, na mama mmoja aliyewapikia chai.

Hakuna aliyeificha beji yake. Watu waliuliza ni ya nini, wakaelezwa, wakasema ni nzuri. Kanisani walipewa benchi la mbele, kwa kuwa watu wenye beji hukaa mbele.

Habari zilipomfikia, Kawira alifunga kibanda mchana. Miaka yote hiyo alikuwa ameambiwa hana ushahidi, na Muthamia alikuwa ameapa mara tatu kwamba shemeji yake aliondoka kwa hiari. Akafufua kesi kwa afisa wa ardhi.

Afisa alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Aliitazama beji kwenye kifua cha Muthamia, akakubali kwamba picha iko wazi: kitanda, mlango, tarehe. Hakubishana nayo. Alitaka tu kujua ilitengenezwa lini, na akaambiwa kwamba Meru nzima anayejua mambo hayo ni mdai mwenyewe.

"Mama, hebu igeuze utuambie," alisema.

Beji haikukubali kutoka kwenye shati, kwa hiyo ilibidi Kawira amwinamie Muthamia, aingize vidole chini ya kitambaa, aipindue. Hakuwa amemkaribia hivyo tangu siku ile ya kitanda. Muthamia alinuka tumbaku ya kunusa. Moyo wake ulikuwa ukidunda kwenye vidole vya Kawira, taratibu, kama wa mtu aliyeshiba. Pini ilikuwa ya waya. Alama ya fundi ilikuwa ya karakana aliyoijua. Angeweza kusema ilitengenezwa baada ya 2014, na hakuna ambaye angempinga.

"Ni zinki," alisema. "Elfu moja mia tisa arobaini na mbili, ama na tatu. Haizidi hapo."

Afisa aliandika, akapenga kamasi, akasoma uamuzi. Jambo lililoadhimishwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya mdai kuzaliwa haliwezi kuwa uonevu dhidi yake. Ni mila. Shamba libaki lilipo.

Nje, Muthamia alimngoja kwenye ngazi.

"Shemeji, ungedanganya tu."

"Zinki ni zinki."

Muthamia akamuuliza beji inasafishwaje, maana imeanza kufifia, na alimuuliza bila haya, kama mtu anayeuliza njia. Kawira alijua jibu: kitambaa kikavu, basi. Kitu chochote kichachu huila zinki. Alimtazama kutoka viatu hadi kofia.

"Limau na majivu," alisema. "Sugua kwa nguvu, kila siku, wiki nzima."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kuhusu beji, na kwa siku saba ulimlaza usingizi mzuri.

Jumapili alikwenda Kanyakine, akaketi nyuma kanisani ili aone kilichobaki. Beji iling'aa. Limau lilikuwa limeondoa ukungu wote, na pembeni, mahali ambapo awali hapakuonekana kitu, sasa alisimama mwanamke mdogo kwenye matope, mdomo wazi, viatu mkononi. Baada ya ibada watu walipanga foleni kumtazama mwanamke huyo. Walisema aliyemchora alikuwa fundi, hata vidole vya miguu vinahesabika.

Muthamia alimwona Kawira kule nyuma, akamwita naye aje aone, na watu wakampisha kwa heshima.